Aliyeshika Jeki

Ukisikia gari linagonga chini ya miguu yako kila unapoachilia klachi, usikimbilie kuilaumu klachi. Lala chini utazame mkia wa giaboksi. Nawaambia ninyi mnaoanza kazi hii leo, mnaopandisha gari kwa lifti ya umeme mkafanya kazi mmesimama wima, mikono juu, kama watu wanaoanika nguo. Siwaonei kijicho. Sisi tulilala chini, kwenye vumbi wakati wa jua na kwenye matope wakati wa mvua, na hata leo nikiamka asubuhi mgongo wangu hunikumbusha kila gereji niliyopitia hapa Kisumu.

Kwenye magari ya saluni ya zamani, yale yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, giaboksi ni mzigo mzito ulioshikwa mbele na injini. Nyuma, mkia wake unakalia raba iliyobanwa katikati ya vyuma viwili. Hiyo tunaiita maunting. Nayo maunting inakalia chuma kinachokingama chini ya gari kutoka upande mmoja hadi mwingine, na chuma hicho ndicho krosmemba. Hakuna la ziada. Mtu anaweza kuendesha gari maisha yake yote bila kujua kwamba raba hiyo ipo. Lakini ikipasuka, gia leva inaanza kucheza yenyewe, gia ya tatu inaruka ukipanda kilima, propela, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, inalia, na mwenye gari anaambiwa na majirani kwamba giaboksi imekufa anunue nyingine.

Kabla hujaitoa, jiulize imekufa kwa nini. Mara nyingi si uzee, ni mafuta. Sili, ile pete ya kuzuia mafuta kwenye mkia wa giaboksi, inavuja polepole, mafuta yanadondokea raba, na raba inavimba na kulainika kama andazi lililosahaulika ndani ya chai. Ukifunga maunting mpya ukaiacha sili ile ile, mteja atarudi, tena atarudi na hasira.

Aliyenifundisha haya ni Mzee Ainea, Mmaragoli mmoja mnene aliyekuwa na gereji nyuma ya stendi ya mabasi. Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alitoka Mumias kuja kuuza vitambaa, akamwoa mama, Mjaluo, na mimi Ramadhani nikazaliwa kati ya lugha tatu bila kuwa na kazi hata moja. Mzee Ainea alinichukua kwa sababu, alisema, nilikuwa mwembamba na ningeingia chini ya gari lolote bila jeki.

Alikuwa fundi hodari, lakini alikuwa na ugonjwa wa kubuni. Siku moja mwalimu wa kwaya alileta gari lake, na maunting ya gari hilo haikupatikana mjini. Mzee Ainea akachukua kipande cha tairi ya lori, akakikata kwa kisu, akakitoboa matundu, akakifunga. Kilikaa vizuri kabisa. Kesho yake mwalimu akarudi, amenyooka na mpole.

"Mzee, gari haligongi tena," akasema. "Ila linaimba."

"Linaimba vipi?"

"Linaimba besi. Nikiongeza mwendo linapanda, na halifiki kwenye noti. Nimeshindwa kuvumilia."

Tuliingia ndani ya gari, tukaenda hadi karibu na uwanja wa ndege na kurudi. Ni kweli, liliimba. Tairi ya lori ni ngumu mno. Mtetemo wote wa injini ulikuwa unapita moja kwa moja hadi kwenye sakafu na viti. Mzee Ainea alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akaagiza maunting Nairobi kwa basi. Tangu siku hiyo alituambia raba ya maunting haikuwekwa pale kubeba tu. Kazi yake nyingine ni kumeza. Ikiwa ngumu haimezi, ikiwa laini haibebi.

Jambo jingine alilotufundisha ni kuanza bolti zote kwa vidole. Usikaze hata moja mpaka zote zimeingia. Ukikaza upande mmoja kwanza, upande wa pili hautafikia tundu lake, na utaanza kuvuta giaboksi kwa nguvu ya bolti mpaka uharibu nyuzi zake. Na usipandishe mkia wa giaboksi juu sana kwa jeki, kwa sababu injini inainamia mbele na feni inaweza kuchana redieta. Weka ubao kati ya jeki na giaboksi, chuma kisikutane na chuma. Haya yote nimewaambia wengi. Ambalo sijawaambia wengi ni habari ya Odhiambo.

Odhiambo na mimi tulianza kazi kwa Mzee Ainea karibu pamoja. Yeye alitoka upande wa Seme, alikuwa mrefu, mtaratibu, mtu wa kufikiri kabla ya kushika spana. Mimi nilikuwa mwepesi na mwenye haraka. Tuligawana kazi bila kupanga. Mimi chini ya gari, yeye kwenye jeki. Kufunga maunting kunataka watu wawili hivyo: mmoja anapandisha na kushusha mkia wa giaboksi unywele kwa unywele, mwingine yuko chini anatazama matundu yakutane. Aliye chini haoni mkono wa aliye kwenye jeki. Anaisikia sauti yake tu. "Shusha. Kidogo. Ngoja. Shusha." Tulifanya hivyo miaka mingi, na mwishowe hata sauti hatukuhitaji sana, alikuwa akisikia kupumua kwangu, anajua.

Siku ile ilikuwa siku ya kawaida, asubuhi yenye jua. Krosmemba ilikuwa imeshafungwa pande zote mbili, maunting iko juu yake, na mkia wa giaboksi ulikuwa umeinuliwa kidogo juu ya maunting. Nikaingiza vidole vya mkono wa kushoto katikati kupapasa kama matundu yamelingana. Jeki ikashuka.

Sitaeleza zaidi. Nilipoteza vidole viwili, na cha tatu hakikunjiki.

Ile ilikuwa jeki ya magurudumu, ile ambayo ukizungusha mpini wake kushoto kidogo mafuta yanarudi na inashuka. Baadaye Mzee Ainea aliifungua yote mezani. Alikuta sili yake imechakaa. Nilipotoka hospitali nilimwuliza alichokiona.

"Imechakaa," akasema. "Lakini si ya kuanguka hivyo. Ama labda ni ya kuanguka hivyo. Sijui, Rama."

Watu wa gereji nao walikuwa na maneno yao. Wengine walisema jeki ilikuwa nzee. Wengine walisema Odhiambo aligeuka kumsalimia mtu aliyepita, na mkono ukageuka naye. Mimi nilimjibu kila aliyeuliza kwamba jeki ilikuwa mbovu. Nilisema hivyo kwa sababu nilimpenda rafiki yangu na kwa sababu sikuwa nimeona kitu. Macho yangu yalikuwa kwenye matundu.

Odhiambo alikuja hospitali mara moja. Alisimama mlangoni na machungwa kwenye mfuko, akayaweka kitandani, akaniuliza kama nimekula. Sikumbuki nilijibu nini. Nilipopona na kurudi kazini, alikuwa ameshaondoka. Alifungua gereji yake Otonglo, kando ya barabara ya kwenda Busia, pale kwenye soko. Alifunga breki, springi, bearingi za magurudumu. Jina lake likawa zuri. Lakini watu waliniambia ana ajabu moja, giaboksi hagusi. Gari la giaboksi likifika kwake, analituma mjini.

Mimi nami nilikuwa na ajabu yangu. Sikumruhusu tena mtu yeyote anishikie jeki, wala sikumshikia mtu. Nilifanya kazi peke yangu, natoka chini, napandisha, narudi chini, natoka tena, kazi ya saa moja inakula nusu ya siku. Niliweka stendi za chuma kushikilia gari, nikaweka na vipande vya mbao juu ya kigogo chini ya mkia wa giaboksi, nikishusha kidogo naondoa kipande kimoja. Hilo la mbao nawaomba mlichukue. Jeki ni ya kuinulia. Kitu cha kukaa chini yake si jeki. Na kidole chako si kipimo cha tundu. Tumia ncha ya bisibisi.

Mimi na Odhiambo tulikutana matangani tu. Tulisalimiana kwa adabu, mkono wa kulia, na macho yake hayakuwahi kwenda kwenye mkono wa kushoto. Hatukugombana. Ingekuwa tuligombana, mtu angetupatanisha.

Miaka ikapita mingi. Mzee Ainea akafariki, mimi nikawa na gereji yangu ndogo, mvi zikatoka. Jumamosi moja simu yangu ikalia.

"Rama. Ni mimi."

Sauti niliijua kabla hajasema jina.

"Odhi. Kwema?"

"Kwema. Kuna gari hapa ya sista mmoja wa Port Victoria. Krosmemba imekatika bolti, giaboksi imelala kwa propela. Ako na mzee wake ndani, wametoka hospitali Kisumu. Mzee hawezi keti kwa matatu, mgongo yake imepasuliwa juzi."

"Si ufunge?"

"Mimi sifungi giaboksi. Unajua."

"Basi wape vijana wako."

"Vijana wote wameenda mazishi Siaya. Niko peke yangu. Nimejaribu watu watatu mjini. Wewe ndio nilikuwa naogopa kupigia."

Nilipita dukani kununua maunting, sili na bolti, nikapanda boda, nikaenda Otonglo nimepakata raba ile mapajani kama mtoto.

Sista Nabwire alikuwa mwanamke wa makamo, muuguzi wa zahanati huko kwao, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutuliza wengine. Baba yake alikuwa amelazwa kwenye kiti cha mbele kilichonyooshwa, na mito pande zote. Nilimsalimia.

"Mwanangu," yule mzee akaniambia, "usifanye haraka kwa sababu yangu. Hapa kuna kivuli. Lakini huyu binti yangu ana wagonjwa wanamngoja, na mimi nikichelewa kulala nitaanza kulia kama mtoto, nimwaibishe."

Tulimhamisha yeye na mito yake juu ya godoro jembamba, tukiwa watatu, taratibu, hadi kwenye benchi ndefu kibandani kwa Odhiambo. Nilipokuwa nimeshika upande mmoja wa godoro na Odhiambo upande wa pili, aliona mkono wangu wa kushoto. Aliutazama, kisha akatazama mbele.

Tulipandisha gari, tukaweka stendi, tukazuia magurudumu kwa mawe. Krosmemba ya zamani ilikuwa imepinda lakini haijapasuka. Odhiambo aliinyoosha kwa nyundo juu ya reli ya zamani, akifanya kazi hiyo vizuri kama zamani. Sili ya mkia tukabadilisha, maana ilikuwa imevuja vibaya. Kisha ikafika pale nilipojua itafika. Nilitafuta kigogo cha kuweka mbao zangu. Nikakipata, nikazipanga. Lakini uwanja wake una mteremko, na jeki ilikuwa inateleza kidogo kila inapoachwa. Ilihitaji mtu.

"Nitaita mtu wa boda ashike," Odhiambo akasema.

"Mtu wa boda hajui jeki."

"Rama, mimi siwezi."

"Mimi pia siwezi," nikamwambia. "Lakini yule mzee hawezi zaidi yetu."

Nililala chini. Niwaambieni ukweli, mwili wangu ulikataa. Mbao zilikuwepo, akili ilijua giaboksi haina mahali pa kuanguka, lakini mkono wa kushoto ulijikunja wenyewe kifuani. Nikauacha pale. Nikachukua bisibisi kwa wa kulia.

"Pandisha," nikasema.

Mkia ukapanda. Taratibu ile ile. Nikatoa ubao.

"Shusha. Kidogo."

Ukashuka unywele. Nikatoa ubao mwingine. Nilimsikia akipumua kule juu kwa nguvu, kama mtu anayebeba gunia. Bolti ya kwanza ikaingia kwa vidole, ya pili ikaingia. Ya tatu ikaingia. Ya nne ilikuwa na kichwa juu ya krosmemba, mahali pembamba. Lazima mkono mmoja ushike kichwa kwa spana na mwingine uzungushe nati kutoka chini. Gerejini kwangu nilikuwa na spana niliyoipinda kwa ajili ya mkono wangu. Siku hiyo nilikuwa nimeiacha huko. Nilijaribu kwa vidole nilivyobakiwa navyo, spana ikaniangukia usoni, nikajaribu tena.

"Nini?" akauliza.

"Mkono haufiki."

Nikasikia magoti yake yakigusa changarawe.

"Toka," akasema. "Niingie mimi."

Nikatoka. Akalala pale nilipokuwa nimelala, mtu mrefu, miguu ikabaki nje hadi mapajani. Nami nikapiga magoti nikashika mpini wa jeki.

Wanangu, nilikuwa nimelala chini ya giaboksi karibu maisha yangu yote ya kazi, lakini tangu ajali ile sikuwahi kushika jeki juu ya mtu. Nilikuwa nimesahau jinsi mpini ule ulivyo mwepesi. Uzito wote uko kule mbele, na mkononi mwako hakuna uzito wowote. Hujui kama unazungusha au unafikiri kuzungusha. Nikamwona Odhiambo ameingiza vidole vya mikono yote miwili katikati ya vyuma, akitafuta kichwa cha bolti, nikatamani kumwambia atoe.

Lori likapita barabarani likapiga honi. Mkia wa giaboksi ukashuka, kidogo sana, ukakalia ubao wangu kwa mlio mdogo wa mti.

Hakuna kilichoumia. Vidole vyake vilikuwa salama. Lakini sote wawili tukaganda. Kule kibandani, mzee na Sista Nabwire hata hawakujua kuna kilichotokea.

Halafu Odhiambo akasema kutoka chini, polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Imeshuka."

"Ndiyo."

"Ni wewe ama ni yenyewe?"

Nilitazama mkono wangu juu ya mpini. Nilirudisha nyuma dakika ile kichwani, honi, mkono, mlio wa mti, na sikuweza kujua kipi kilitangulia. Nilitaka sana kusema ni yenyewe. Nilitaka kusema ni mimi pia, kama ingemsaidia.

"Sijui, Odhi," nikasema.

Kisha nikasikia spana ikigusa nati, ikianza kuzunguka, kre, kre, kre. Alikaza zote nne kwa zamu, kila upande kidogo, kama tulivyofundishwa. Alipotoka chini ya gari hakusimama. Aliegemea gurudumu, akajifuta uso kwa kitambaa cha mafuta, akajipaka weusi mpaka kwenye paji.

"Miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nafikiria jibu iko mahali ndani yangu, na ni mimi nakataa kuisema. Usiku nalala nayo. Naitafuta."

"Nami nilifikiri unaijua," nikamwambia. "Nilifikiri ndiyo maana huji."

"Sikuijua, omera, rafiki yangu. Sikuwahi kuijua."

Akachukua mkono wangu wa kushoto, mara ya kwanza, akaugeuza, akautazama kwa makini kama fundi anavyotazama kitu kilichovunjika zamani kikaungwa. Hakusema pole. Alinikunjia kile kidole kisichokunjika, akaona hakikunjiki, akakiacha.

Sista Nabwire aliwasha gari. Tulimwambia aingize gia zote gari likiwa limesimama, mbele na nyuma, raba ikae mahali pake, kisha Odhiambo akarudi chini kukaza mara ya mwisho. Hilo pia lichukueni: usikaze kabisa kabla raba haijaonja uzito. Sista akazunguka soko mara moja, akarudi anatabasamu. Haligongi. Tulimbeba baba yake tukamrudisha kitini.

"Limepona?" mzee akauliza.

"Limepona, Mzee," Odhiambo akasema. "Ero kamano, asante kwa kungoja."

Waliondoka kuelekea Busia, na sisi tukabaki tumekaa kwenye ile benchi. Alipika chai mwenyewe, mbaya, sukari nyingi. Tuliongea juu ya Mzee Ainea, juu ya watoto, juu ya jeki hatukuongea tena. Magharibi nilimwomba maji na mkeka, nikaswali pale kibandani, akanisubiri, akanisindikiza barabarani kutafuta boda.

Wiki iliyofuata alinipigia tena. Aliongea chini chini, kama mtu ambaye wateja wako karibu.

"Kuna saluni hapa, giaboksi inagonga," akasema. "Nimeshaweka mbao. Vijana wangu wananishangaa. Nimewaambia nitalala chini mimi mwenyewe, lakini kwa jeki sitaki wao."

"Unamtaka nani?"

"Wewe kuja tu, Rama."

Nikafunga gereji mchana, nikaenda.